Pampu Isiyokuwa ya Gari Lake: Kisa cha Vioo vya Haidroliki kwenye Buick ya 1951

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana ya kurejesha magari ya zamani ninapofanya kazi, Marekani. Nimeondoa jina la mteja, la muuzaji wa pampu, la mafundi waliotutangulia, pamoja na mji na namba za gari. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, makosa yangu yakiwemo.

Mfumo wenyewe

Kwanza nieleze mfumo, kwa sababu kosa lote la kisa hiki lilizaliwa na kutouelewa.

Kabla vioo vya umeme havijawa na mota ndani ya kila mlango, Wamarekani walivipandisha kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, yaani haidroliki. Packard walikuwa na vioo vya haidroliki kwenye magari yao makubwa ya 1941. Kwa upande wa paa la turubai, Plymouth ya 1939 ilikunja lake kwa nguvu ya hewa iliyonyonywa na injini. Baada ya Vita Kuu ya Pili General Motors waliunganisha kazi zote kwenye mfumo mmoja waliouita Hydro-Lectric, wakaufunga kwenye Buick, Cadillac na Oldsmobile. Pampu moja, mota moja, na mafuta yale yale yanahudumia vioo vinne, kiti cha mbele na paa. Kufikia magari ya 1954 vioo vya kampuni hizo vilikuwa vimehamia kwenye mota za umeme. Paa liliendelea kutumia haidroliki kwa miaka mingi, ila kwa pampu ya aina nyingine kabisa.

Kwenye Hydro-Lectric, kila kioo kina silinda yake, na chini ya silinda kuna solenoidi, vali ya umeme inayofungua na kufunga njia ya mafuta. Ukibonyeza swichi kupandisha, mambo mawili hutokea pamoja: solenoidi ya silinda ile inafungua, na relei, swichi inayoendeshwa na umeme, inawasha pampu. Mafuta yanasukuma, kioo kinapanda. Ukibonyeza kushusha, pampu hailii kabisa. Solenoidi inafungua, springi zinavuta kioo chini, na mafuta yanarudi yenyewe kwenye tanki. Basi pampu ya vioo inasukuma upande mmoja tu, na ikisimama lazima iache njia ya kurudi wazi.

Pampu ya paa ya magari ya baadaye haiko hivyo. Silinda zake husukumwa na mafuta pande zote mbili, juu na chini, kwa hiyo mota inazunguka kulia na kushoto, na pampu ina matundu mawili ya kutolea mafuta. Kwa macho ya haraka pampu hizi mbili ni ndugu: mota ya mviringo upande mmoja, tanki upande wa pili, vimirija vya chuma. Mtu akizipaka rangi nyeusi mpya zote mbili na kuziweka mezani, hata fundi mwenye miaka kumi kazini anaweza kuchukua isiyo yake.

Gari lilivyoletwa

Mteja wetu alikuwa mzee mstaafu, mtu mpole na mwangalifu. Alinunua Buick Roadmaster ya 1951 ya paa la turubai kutoka kwa familia iliyokuwa nayo kwa miaka mingi. Malalamiko yake yalikuwa matatu. Vioo vinapanda kwa kusitasita, viwili vinaishia katikati. Vyote vinashuka kwa kujikokota, kimoja hakishuki mpaka ukisukume kwa kiganja. Na chini ya dashibodi, upande wa dereva, kulikuwa na unyevunyevu wa mafuta usioisha.

Akatuambia pampu haina tatizo. Aliinunua mwaka uliotangulia kwenye soko la wazi la vipuri vya magari ya zamani, na kibandiko chake kilisema ni pampu halisi ya gari hilo iliyofanyiwa ukarabati kamili. Akatuonyesha risiti. Kweli ilipendeza: safi, nyeusi, inang'aa, imefungwa mahali pake kwenye ukuta wa injini chini ya boneti.

Nikaandika kwenye kadi ya kazi: "Pampu ni mpya. Angalia silinda na solenoidi." Sentensi hiyo ilitugharimu wiki tatu.

Wiki tatu zilizopotea

Tulifungua milango. Silinda mbili zilikuwa zinavuja, tukaagiza nyingine. Tukabadilisha solenoidi mbili, kwa sababu kila ukibonyeza swichi ya kioo cha nyuma kulia, kioo cha mbele nacho kilicheza kidogo. Dalili hiyo ni ya kweli: solenoidi isiyofunga sawasawa hupitisha mafuta yaliyokusudiwa kioo kingine. Tulikuwa sahihi kuhusu dalili, na bado hatukugusa chanzo.

Tukatoa hewa kwenye mfumo, tukajaribu. Vioo vilipanda kidogo zaidi ya mwanzo, halafu vikarudia tabia yao. Baada ya siku nne, silinda moja mpya ikaanza kukwama.

Hapo nikajua nimepotea. Silinda mpya haikwami kwa siku nne bila sababu.

Nikaitoa na kuifungua juu ya meza. Kikombe cha mpira kilichokaa kwenye pistoni kilikuwa kimevimba, kingo zake zimelainika kama mkate ulioloweshwa chai, na kilikuwa kimejibana ndani ya silinda kiasi kwamba nililazimika kukitoa vipande vipande. Kila fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, amewahi kuona mpira wa namna hiyo. Ndivyo inavyokuwa dereva akimwaga mafuta ya injini kwenye tanki la breki: mipira inavimba, breki zinang'ang'ania. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki hauvumilii mafuta ya madini.

Chupa ya kioo na waya uliofungwa utepe

Nilifanya jaribio ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nikavuta mafuta kidogo kutoka kwenye tanki la pampu, nikayadondosha kwenye chupa ya kioo yenye maji, nikaitikisa.

Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya glikoli, huyeyuka kwenye maji. Maji yanabaki bila tabaka. Haya yetu yalifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: sehemu iliyeyuka, na sehemu ikapanda juu ikatandaza utando mwekundu. Ndani ya mfumo kulikuwa na mchanganyiko wa mafuta ya breki na ATF, yale mafuta mekundu ya gia otomatiki.

Mwongozo wa gari la 1951 unataka mafuta ya breki. Nani aliweka ATF, na kwa nini? Mtu haweki ATF kwenye mfumo huu kwa bahati mbaya. Anaiweka kwa sababu pampu iliyo mbele yake, kwa anavyoijua, inatumia ATF. Pampu nyingi za paa za magari ya baadaye zinatumia ATF.

Wakati ninaitazama ile chupa, kijana tunayefanya naye kazi, Mkongo wa Bukavu ambaye tangu siku ya kwanza ananiita yaya (kwao ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), alikuwa chini ya boneti akifuatilia nyaya. Akaniita.

"Yaya, huu waya hauendi popote."

Nikaenda kuangalia. Mota ilikuwa na nyaya mbili za moto. Mmoja ulikuwa umeungwa kwenye waya mnene wa zamani wa gari, ule wenye ala ya uzi. Wa pili ulikuwa umekunjwa nyuma ya mota, umefungwa utepe mweusi mara nyingi, halafu ukapakwa rangi pamoja na mota. Tukazungusha tochi upande wa chini wa pampu. Tundu moja lilikuwa na paipu. Pembeni yake kulikuwa na tundu la pili, limezibwa kwa plagi ya shaba, nayo imepakwa rangi ile ile.

Tulishusha pampu, tukaibana kwenye jiliwa, tukaipa umeme. Waya wa kwanza: mota ikazunguka kulia. Waya uliofungwa utepe: ikazunguka kushoto.

Kijana aliuliza swali zuri: je, si inawezekana ni mota ya kawaida, na mwelekeo unabadilika kwa sababu tumegeuza betri? Tukaigeuza betri makusudi. Mwelekeo haukubadilika. Mota za aina hii zina koili pande zote, kwenye mwili na kwenye rota. Ukigeuza betri unageuza sumaku zote mbili kwa pamoja, na mzunguko unabaki ule ule. Kinachogeuza mzunguko ni koili ya pili, ile ya waya wa pili. Hii ilikuwa pampu ya paa, ya kwenda na kurudi.

Na ilikuwa ya volti 12. Kwa volti 6 ilizunguka kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane, kwa volti 12 ikanguruma. Buick ya 1951 ni ya volti 6. Roadmaster haikupata volti 12 hadi 1953, na hata mwaka huo Buick Special ilibaki na volti 6. Cadillac na Oldsmobile pia zilihamia volti 12 mwaka 1953, Chevrolet 1955, Ford 1956. Kwa hiyo volti peke yake inaweza kukuambia pampu si ya gari lako kabla hujagusa spana.

Mambo yote yakajipanga. Vioo vilisitasita kwa sababu mota haikupata volti zake zote. Vilishuka kwa kujikokota kwa sababu pampu ile haikuundwa kuyaacha mafuta yarudi tankini kwa uhuru ikiwa imesimama. Mipira ilivimba kwa sababu ya ATF. Hata betri ikapata maelezo: chini ya boneti kulikuwa na betri ya volti 8, ujanja ambao watu hapa huutumia gari la volti 6 likizubaa. Tulikuwa tumeiona siku ya kwanza, tukadhani ni kwa ajili ya kuwasha injini asubuhi za baridi. Ilikuwa hapo kumsaidia mtu aliyeshindwa kuelewa kwa nini pampu "mpya" haina nguvu.

Kuuliza gari

Kabla ya kumwambia mzee wa watu kwamba pesa yake imeliwa, nilitaka ushahidi usiotegemea pampu. Pampu inaweza kuhamishwa. Mwili wa gari hauhamishiki kirahisi.

Tukaanza na kibati cha Fisher Body, waliotengeneza mabodi ya General Motors, kwenye ukuta wa injini. Namba ya muundo wa mwili ilimalizikia kwa herufi X. Kwenye magari hayo ya General Motors, X mwishoni inamaanisha gari lilitoka kiwandani na vioo vya haidroliki. Hapo tuliondoa shaka kwamba pengine mtu alichomeka mfumo huu baadaye.

Halafu tukasafisha ukuta pale pampu ilipokaa. Chini ya mabano ya pampu ngeni palikuwa na kivuli cha rangi, umbo la mabano mengine mapana zaidi, na matundu mawili ya bolti ambayo hayakuwa yakitumika. Matundu mapya mawili yalikuwa yametobolewa kwa drili, kingo zake bado ghafi. Mtu aliyetoboa matundu mapya kwenye ukuta wa kiwandani alikuwa ameshapewa jibu na gari lenyewe, akalipita.

Mwisho tukahesabu mabomba. Njia ya chuma ya kiwandani inayoingia kabini kutoka pampu ilikuwa moja, na pampu ya kwenda na kurudi ingehitaji mbili.

Nikampigia simu mteja. Sikumlaumu muuzaji, maana huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Nilimweleza tulichoona, nikamtumia picha za waya uliofungwa utepe na plagi ya shaba. Alinyamaza kidogo, kisha akasema familia iliyomuuzia gari ilimpa pia sanduku la mbao la "vyuma vya zamani" ambalo hajawahi kulifungua.

Ndani ya sanduku, chini ya vifuniko vya magurudumu, ilikuwamo pampu. Kibati chake kilikuwa kimeng'oka, zimebaki ribiti mbili. Ilikuwa na waya mmoja wa moto na tundu moja la kutolea mafuta. Tulipoweka mabano yake juu ya kile kivuli cha rangi ukutani, yalikaa milimita kwa milimita, na bolti zikaingia kwenye matundu yaliyoachwa.

Ilikuwa imekwama kabisa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pampu iliyoachwa na mafuta hayo miaka mingi inapata kutu ndani.

Uamuzi

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kuiacha pampu ngeni na kuipa umeme wa volti 12 kwa kifaa cha kubadilisha volti. Niliikataa haraka, kwa sababu tatizo la kurudi kwa mafuta lingebaki. Ya pili, kununua pampu nyingine sokoni, na baada ya yaliyotokea mteja hakutaka hata kuisikia. Tukachagua ya tatu: kufufua ile ya sandukuni.

Rota za pampu zilikuwa na kutu ya juu juu lakini hazikuwa na mashimo. Zilisafishika. Mota tuliifungua, tukabadilisha kaboni na bushi, tukapitisha msasa mwororo kwenye shaba ya rota ya mota. Sili zote mpya.

Uamuzi mgumu ulikuwa mafuta. Mteja alitaka mafuta ya breki kama mwongozo unavyosema. Mwenzangu mmoja mwenye uzoefu mkubwa alitaka tubadilishe mipira yote iwe ya nitrili, mpira unaovumilia mafuta ya madini, na tutumie ATF, kwa hoja kwamba haili rangi wala hainyonyi maji. Hoja nzito. Niliipinga kwa sababu moja: siku moja mtu mwingine atafungua tanki, atasoma mwongozo wa 1951, na ataongeza mafuta ya breki juu ya ATF. Tutarudi pale pale.

Tukakubaliana DOT 5, mafuta ya breki ya silikoni, yenye rangi ya zambarau. Hayali rangi ya gari, hayanyonyi maji, na yanapatana na mipira ya breki. Hayachanganyiki na ya glikoli, kwa hiyo mfumo lazima uwe mkavu kabisa kwanza, lakini mtu akikosea akaongeza ya glikoli, mipira haitavimba. Kwangu mimi hilo ndilo lililoamua.

Mabomba ya chuma tuliyapitisha dawa ya kusafishia breki mara nyingi, tukayapuliza kwa kompresa mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Mipira yote ya kupitishia mafuta tuliitupa. Silinda zote zilifunguliwa, hata zile mpya. Tukarudisha betri ya volti 6, na nyaya za betri tukaweka nene. Aliyetangulia alikuwa ameweka nyembamba za gari la volti 12, na kwa volti 6 mkondo ni mkubwa, waya mwembamba unakula nguvu yote njiani.

Matokeo

Siku ya majaribio mzee alikaa kwenye kiti cha dereva mwenyewe. Kioo chake kilipanda mpaka juu kabla hujahesabu hadi tano, na kiliposhuka, chini ya boneti palikuwa kimya. Alibonyeza tena na tena, akisikiliza ule ukimya.

Paa lilikunjika na kufunguka bila kusukumwa. Kiti kilisogea. Kioo cha nyuma kushoto bado kinashuka upana wa kidole gari likikaa wiki bila kuguswa, kwa sababu kikalio cha solenoidi yake kimelika na hatujapata kingine kilicho sahihi. Mteja anajua, imeandikwa kwenye kadi.

Nini kilifaa, nini hakikufaa

Kosa kubwa lilikuwa langu, na lilitangulia spana ya kwanza. Nilichukua neno la kibandiko na risiti kuwa ni uchunguzi. "Imefanyiwa ukarabati" ilikuwa kweli. Pampu ile ilikuwa imekarabatiwa vizuri sana. Ukarabati mzuri hauifanyi pampu kuwa ya gari lingine, na rangi mpya ilificha kila alama ambayo ingetuambia: plagi, waya wa pili, kibati.

Jaribio la chupa ya maji linachukua dakika moja. Tungelifanya siku ya kwanza tusingenunua solenoidi mbili ambazo hazikuhitajika, na silinda mbili mpya zisingeharibika mipira. Gharama hiyo karakana ilibeba yenyewe, hatukumlipisha mteja.

Solenoidi zilinifundisha jambo ambalo bado nalifikiria. Dalili yetu ilikuwa halali. Kioo kimoja kikicheza unapobonyeza kingine, solenoidi inavuja. Lakini kwenye mfumo wenye mipira iliyovimba na mafuta machafu, kila kitu kinavuja kidogo, na fundi anaweza kufuata dalili moja ya kweli kwa wiki tatu akidhani anasonga mbele.

Kilichofaa ni kumpa kijana kazi ya kufuata waya mmoja mmoja bila kumwambia anatafuta nini. Mimi nilikuwa nimeshaamua pampu ni nzima, kwa hiyo macho yangu yaliupita ule utepe zaidi ya mara kumi. Yeye hakuwa ameamua chochote.

Kilichofaa pia ni kwenda kwenye mwili wa gari kabla ya kwenda kwa mteja. Herufi X, kivuli cha rangi, idadi ya mabomba: vitu hivyo vitatu havikutegemea kauli ya mtu yeyote, na ndivyo vilivyomfanya mzee akumbuke sanduku. Ningempigia simu na maneno matupu kwamba "pampu yako si halisi", nadhani angetafuta karakana nyingine, na sanduku lingebaki limefungwa.

Kuhusu DOT 5 tunaendelea kubishana hapa kazini, na sitaki kudai ni jibu la kila gari. Gari ambalo mfumo wake haujawahi kuchanganywa na mipira yake bado mizima, mimi ningeliacha na mafuta yake ya breki na kuyabadilisha kila baada ya miaka michache.

Kwenye tanki la pampu tumefunga kibati kidogo cha alumini, tumekigonga kwa herufi za chuma: VOLTI 6, TUNDU MOJA, DOT 5 TU. Kwa Kiingereza upande wa mbele. Upande wa nyuma kijana akaomba tugonge maneno yale yale kwa Kiswahili, na mzee akakubali.